Usingizi wa Odero

Pumzi zilikuwa mbili.

Caren alisimama nje ya mlango wa chumba chao, ufunguo wa kufuli mkononi, jua la adhuhuri likiyachoma mabati, akatega sikio. Mumewe alikuwa amelala ndani. Hilo peke yake lilikuwa jambo la kushukuru, kwa maana Odero hakuwa amepata usingizi wa maana tangu mvua zikatike. Alivuta pumzi nzito ya mtu aliyechoka, akaishusha, na kabla hajavuta nyingine, pumzi ya pili, nyembamba, ikapita katikati. Moja ikipanda, nyingine inashuka. Hazikugongana hata mara moja, kama wanawake wawili wanaotwanga kinu kimoja.

"Ni upepo," akajiambia, ingawa mjakaranda wa Memsabu, bibi wa Kizungu aliyemwajiri, haukutikisa jani. Akarudi kupiga pasi vitambaa vya meza.

Odero alifanya kazi ya usiku katika kiwanda kimoja cha mikate mjini, nyuma ya River Road. Alisimamia mashine ya kukandia unga, pipa kubwa lenye chuma kilichopinda kama mkono, na mkono ule wa chuma haukujua kupumzika. Sifuna, aliyeisimamia kabla yake, alisinzia alfajiri moja, na mashine ikaondoka na mkono wake hadi kiwiko. Siku iliyofuata Odero alipewa nafasi hiyo. Tangu hapo, kila arudipo Kileleshwa asubuhi, kwenye kijumba cha watumishi nyuma ya nyumba ambamo Caren alikuwa yaya, alijilaza akiwa hoi, akafumba macho, akayafumbua.

"Mama Awino," alimwambia mkewe siku moja, akiutazama mkono wake mwenyewe, "usiku mmoja nitasinzia. Siku hiyo utaletewa habari."

Hapo ndipo Caren alipoanza kutafuta dawa.

Kila mtu alikuwa na yake. Oloo, binamu ya Odero, aliyeleta mikate ya kiwanda kile kwa baiskeli kwenye nyumba za Kileleshwa, alicheka tu.

"Shemeji, dawa ya usingizi ni ndoo moja ya pombe ya busaa."

"Na dawa ya kumwamsha baadaye?"

"Mke mkali. Huyo tayari anaye."

Kavata, mke wa mpishi, waliyepakana naye ukuta, alishauri chumvi chini ya mto. Mhindi wa duka la dawa, Bazaar Street, yeye aliuliza maswali kwa upole: mgonjwa ana mawazo? Anakunywa chai nyingi? Anafanya kazi gani? Aliposikia habari za mashine, akaurudisha nyuma mkono ulioshika chupa.

"Hii itamlaza, mama. Kuamka vizuri ndiyo shida. Asinywe ila siku ambayo haendi kazini."

Odero aliinywa siku ya kazi. Alirudi asubuhi bila mkono wa shati, ulikuwa umechanwa na mashine hadi begani, naye akasema hakumbuki ilivyotokea. Caren aliifunga chupa ile katika kitambaa, akaisukuma chini kabisa ya sanduku la nguo.

Ndipo alipokwenda kwa Bi Salme, mwanamke wa Lamu aliyeuza viungo na mitishamba katika uchochoro karibu na msikiti wa Jamia. Ndani ya kibanda kile mlikuwa na harufu tamu ya udi na waridi iliyomfanya Caren atamani kukaa chini asiondoke.

"Hapati usingizi," Bi Salme aliuliza, "au akiupata humkimbia?"

"Akianza kusinzia tu, anashtuka. Anasema kuna kitu kinakuja kukaa ukingoni mwa kitanda."

Bi Salme akaacha kupepeta karafuu. "Huko kazini kwake pamemwagika damu?"

Caren akakumbuka mkono wa Sifuna. Akaitikia kwa kichwa.

Mama yule akampa vitu viwili. Cha kwanza kilikuwa kungumanga. "Kwangua kidogo, kisichozidi ukucha wa kidole chako cha mwisho, utie katika maziwa ya moto anywe. Ukizidisha itamvuruga, haitamlaza." Cha pili kilikuwa kipande cha mvuje, kimefungwa kwa karatasi juu ya karatasi, na bado uvundo wake ulipenya. "Huu ufukize mlangoni kabla hajaingia. Unanuka, najua. Uache unuke. Usiuchanganye na kitu, wasikia mwanangu?"

"Nasikia, bibi."

Na alisikia kweli. Lakini Bi Salme hakufanya kazi kwa Memsabu. Mvuje ulipofukizwa mara ya kwanza, moshi ulivuka ua ukaingia dirisha la sebuleni, na kabla ya chakula cha mchana Memsabu alikuwa mlangoni mwa jikoni, leso puani.

"Caren! Kitu gani kimekufa huko nyuma?"

Odero alilala pale kwa hisani tu. Zilikuwa siku za hali ya hatari, na mwanamume aliyekutwa mahali asipoandikishwa alipakiwa kwenye lori la kizuizini. Memsabu akikasirika, angesema neno moja kwa askari na yote yangekwisha. Caren akawaza usiku kucha, na mawazo yake yalikuwa ya mtu safi, mpenda unadhifu: kitu kinachonuka hufunikwa kwa kinachonukia. Akanunua udi na chupa ya marashi ya waridi kwa mchuuzi mwingine, asije Bi Salme akamgombeza.

Asubuhi iliyofuata alitandika kitanda kwa kitambaa cheupe cha meza alichopewa na Memsabu kilipochakaa. Akaunyunyizia mto marashi. Akaweka kikombe cha maziwa yenye kungumanga juu ya kigoda, upande wa kichwani. Kisha akaweka udi juu ya mvuje katika kopo la makaa, na moshi mzito, mtamu, ukajaa chumba hadi kwenye pembe zake.

Alikuwa ameinama akipuliza makaa alipoiona, kwa pembe ya jicho, miguu miwili myeupe kwa unga ikivuka kizingiti.

"Karibu ndani," akasema bila kuinua kichwa. "Leo kitanda ni chako."

Miguu ikapita nyuma yake. Kitanda kikalia. Muda mfupi baadaye mlango ukatiwa kivuli tena, na Odero akaingia akitoka bombani, uso na miguu vikichuruzika maji.

"Nyumba inanukia kama harusi," akasema. "Unamngoja nani?"

"Si wewe? Ulitoka tena saa ngapi?"

Odero hakuelewa swali. Alikunywa maziwa, akajinyosha juu ya kitambaa cheupe, na usingizi ukamchukua kabla hajavuta shuka.

Ikawa hivyo kila siku. Odero alilala jua likiwaka, alilala mashine ya kukatia nyasi ikinguruma, alilala watoto wa Memsabu wakipiga mpira ukutani. Caren alimfungia kwa kufuli asisumbuliwe, akaweka ufunguo katika aproni, akamshukuru Mungu. Zile pumzi mbili aliziita upepo. Harufu ya waridi iliyobaki chumbani hata chupa ilipokwisha, aliiita kitambaa.

Kisha Kavata akamshika bombani.

"Mama Awino, bwana yako amekasirika na sisi ama?"

"Kwa nini?"

"Amenipita hapa sasa hivi, hata salamu hakuna. Namuita, hageuki. Na hiyo unga yote kwa uso, si angenawa? Alinitisha, nikadhani ni maiti inatembea."

"Baba Awino amelala," Caren alisema. Akaugusa ufunguo mfukoni. "Nimemfungia."

Kavata akacheka, halafu akaona uso wa mwenzake, akaacha kucheka. "Basi nimeona nani?" akanong'ona.

Caren alifungua kufuli. Odero alikuwa palepale, chali, mikono kando. Lakini sakafuni, kwenye saruji aliyoipiga deki asubuhi, nyayo nyeupe zilitoka kitandani hadi mlangoni, na hazikurudi.

Tangu siku hiyo alianza kuona kwamba usingizi wa mumewe unakua. Wiki ya kwanza Odero aliamka mwenyewe mchana ukielekea jioni. Baadaye ikabidi aitwe, baadaye atikiswe, na alipoamka alikuwa mzito wa maneno, ngozi yake baridi na laini kama donge la unga lililofunikwa kitambaa kibichi; ukimbonyeza, alama ya kidole ilikaa kidogo kabla ya kujaa. Halafu ikaja jioni ambayo hakuamka kabisa. Caren alimwita kwa jina lake la nyumbani, alilopewa na nyanyake. Alimmwagia maji. Odero alipumua tu, polepole, na saa ya kwenda kazini ikapita, na amri ya kutotembea usiku ikaanza, naye Caren akaketi kando ya taa hadi alfajiri akiwaza jinsi atakavyomwombea radhi kwa msimamizi wa kiwanda.

Palipopambazuka kengele ya baiskeli ya Oloo ikalia uani. Caren akatoka mbio.

"Shemeji Oloo, tafadhali, umwambie msimamizi kwamba Odero..."

"Msimamizi anajua!" Oloo alikuwa anatabasamu hadi masikioni. "Kiwanda kizima kinajua. Shemeji, unamlisha nini mtu yule? Nipe na mimi! Usiku huu amekanda unga wa watu watatu. Hakula, hakutoka jasho, hakukaa. Mara kamba ya gunia ikanaswa ndani ya mashine, akaingiza mkono humohumo ikizunguka, akaitoa, akacheka." Tabasamu likampungua. "Kucheka kwenyewe sikukupenda sana. Lakini mikate, hebu nusa."

Akamwinulia mkate. Ulikuwa bado na joto, nao ulinukia waridi.

Caren hakuaga. Aligeuka akatazama mlango wa chumba chake, aliouacha wazi, akaona nyayo nyeupe mpya zikitoka kwenye njia ya bustani, zikipanda kizingiti, zikienda moja kwa moja hadi kitandani alipolala mumewe ambaye usiku kucha hakuwa ameinua hata kidole, na zikiishia hapo, bila mtu aliyezikanyaga, bila alama ya kurudi, na kutoka kitandani zikasikika pumzi, moja ikipanda, nyingine inashuka, nzuri, zilizopatana.

Alikwenda mjini kwa miguu, aproni kiunoni. Bi Salme alimsikiliza akiwa ameshika kiganja chake, akamrudisha nyuma hatua kwa hatua. Ulifukiza nini? Na nini tena? Mto uliupaka nini? Kitambaa cha rangi gani? Aliposikia kwamba maziwa yaliwekwa kichwani mwa kitanda kabla mtu hajaingia, akafumba macho.

"Na miguu ilipoingia, ulisema neno?"

"Nilisema karibu. Nilisema kitanda ni chako."

"Lahaula!" Bi Salme akakiachia kiganja. "Kwetu, anayetaka jini aje, hutandika nguo nyeupe, hufukiza udi, humwaga marashi, humwekea maziwa, kisha humkaribisha kwa heshima. Wewe umeyafanya yote. Hakuna mganga aliyepata kufanya vizuri zaidi. Jini lilikuwa likimfuata mumeo kutoka kwenye ile damu, likikaa ukingoni tu kwa kuwa halijakaribishwa. Mvuje ungelifukuza. Wewe umelifungulia, ukalipa kitanda."

"Linataka nini kwake?"

"Nafasi yake. Mumeo akilala, lenyewe huamka. Kila siku atalala zaidi kidogo, hadi hapatakuwa na haja ya yeye kuamka, na mtaani hakuna atakayejua, maana Odero atakuwa akionekana anatembea."

Caren akalia. Bi Salme akamwacha alie, kisha akamfungia mvuje mwingine.

"Jioni litaondoka kwenda kazini. Likishatoka, toa kila kitu kinachonukia. Choma kile kitambaa. Fukiza huu peke yake, na Memsabu aseme atakalo. Kakangu, Mwalimu Twahir, atasoma msikitini alfajiri. Lakini mlango ni wako, wewe ndiwe mwenyeji. Likirudi litapiga hodi, kwa sababu litakuwa mgeni tena. Usiseme karibu. Hata likilia."

Alifanya kama alivyoambiwa. Alisugua sakafu, akachoma kitambaa cheupe, akauweka mvuje mtupu juu ya makaa, na uvundo ukatanda hadi nyumba kubwa, taa za Memsabu zikawaka, sauti yake ikaita kwa hasira kutoka verandani, na Caren, ambaye hakuwahi kuitwa asiitike, hakuitika. Alikaa sakafuni, mgongo umeegemea mlango. Odero alilala. Pumzi yake sasa ilikuwa moja.

Ndege wa kwanza walipoanza, ikaja hatua kwenye changarawe.

"Hodi."

Ilikuwa sauti ya mumewe.

"Hodi, Mama Awino. Ni mimi. Nimechoka."

Caren akauma kanga.

"Mbona umefunga? Nimesimama usiku kucha na ile mashine. Nifungulie nilale." Sauti ikashuka, ikawa karibu sana na ubao, karibu na kisogo chake. "Unakumbuka Awino alipozaliwa, ukaniambia ana masikio yangu, nikakukasirikia? Nani mwingine anajua hilo? Mtazame huyo aliyelala, mke wangu. Amewahi kukuambia kitu kama hicho wiki hizi? Amewahi kukuambia kitu chochote? Umemfungia mgeni ndani, umemwacha mumeo nje."

Na Caren akamtazama yule wa kitandani, mweupe, baridi, mdomo wazi kidogo, asiyejibu, asiyetetea nafasi yake, na kwa mara ya kwanza hakuwa na hakika, maana aliye nje alikuwa na sauti na kumbukumbu na uchovu, na aliye ndani hakuwa na kitu ila pumzi, na mkono wa Caren ukapanda wenyewe kwenye komeo, ukalishika, na neno likaja hadi kwenye meno, neno dogo ambalo tangu utoto alifunzwa kwamba ni aibu kumnyima mtu, na nje mumewe alikuwa analia, analia kama alivyolia siku walipomzika babake, kwa kwikwi ndogo za mtu anayeona haya. Lakini kupitia ufa wa mlango, juu ya uvundo wote wa mvuje, ilipenya harufu ya waridi.

Akaliachia komeo. Akaziba masikio, akaegemea, akakaa hivyo hadi mstari wa jua ulipopita chini ya mlango na kugusa kisigino chake.

"Mama Awino," sauti ikasema nyuma yake. "Kuna uvundo gani humu? Na mbona sijapewa chakula?"

Odero alikuwa ameketi kitandani. Shavu lake lilikuwa na joto.

Memsabu aliwafukuza wiki hiyohiyo. Wakapata chumba cha mawe Uthiru. Odero akaacha mashine, akafanya kazi ya mchana, kupakia mikate pamoja na Oloo. Alitoka alfajiri kwa baiskeli, na usiku alilala usingizi wa kawaida wenye ndoto na mikoromo.

Asiyelala sasa alikuwa Caren. Kila alfajiri, mume alipokwisha kuondoka, zilikuja hatua, kisha hodi moja tu, ya taratibu, ya mtu mwenye adabu anayejua kungoja. Hakumwambia Odero. Alikaa macho ili asije akaitikia usingizini. Aliutumia mvuje hadi ukamwishia, na Bi Salme alikuwa amekwenda Lamu kwa msiba wa dadake. Mashavu yake yakabonyea. Alianza kuangusha vyombo.

Mvua zilipokaribia, mama yake Odero akamtuma Awino, binti yao aliyekuwa akimlea kijijini Alego, aje akae na wazazi wake. Alikuwa mtoto mtulivu, aliyefundwa vizuri na nyanyake. Caren alimkalisha magotini siku ya kwanza, akamwambia asifungue mlango baba akishatoka, hata aje nani.

"Hata akija baba?"

"Hata akija baba."

Awino aliahidi.

Usiku mmoja, Caren alipokuwa akitafuta shuka la mtoto, mkono wake uligusa kitu kigumu chini ya sanduku. Ilikuwa chupa ya Mhindi. Aliishika muda mrefu. Mimi sina mashine ya kusimamia, akawaza. Mlango una komeo. Mtoto ameahidi. Kijiko kimoja, usiku mmoja tu. Akanywa, ikawa kama mtu amemfunika blanketi kichwani.

Alipofumbua macho jua lilikuwa limeshaingia dirishani. Awino alikuwa sakafuni akipanga vizibo vya chupa. Odero alikuwa ameondoka zamani. Caren aliuona mlango: komeo lilikuwa mahali pake, Awino alikuwa amelirudisha baba alipotoka. Akaanza kutabasamu, ndipo akainusa ile harufu ya waridi.

"Awino. Nani alikuja?"

"Baba. Alipiga hodi."

"Ulimfungulia?"

"Sikufungua, mama." Mtoto alimtazama kwa fahari. "Uliniambia nisifungue. Nilimjibu tu, kama alivyonifunza nyanya."

"Ulimjibu nini?"

"Nilisema karibu."

Caren alitazama sakafu. Nyayo nyeupe zilianzia chini ya mlango uliofungwa, zikapita kando ya vizibo vya Awino bila kukipindua hata kimoja.

Akajizuia kupumua. Akamfanyia mtoto ishara naye ajizuie, na Awino, akidhani ni mchezo, akajaza mashavu hewa, akakodoa macho. Chumba kikanyamaza. Kisha kitandani, nyuma ya mgongo wa Caren, mahali anapolala Odero, kitu kikavuta pumzi ndefu, ya mtu aliyefika kwake.